Kisanduku cha karatasi, Anki au Quizlet: ipi imfae anayejifunza lugha za wageni Zanzibar?

Mwaka wangu wa pili wa kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, mama mmoja wa Kiitalia alinisubiri nipasue kungumanga, kisha akanyooshea kidole ule utando mwekundu unaoizunguka mbegu. "E questo rosso, che cos'è?" Yaani, na hiki chekundu ni nini? Jina lake nilikuwa nalo. Nililiandika daftarini wiki mbili nyuma, nikalipigia mstari, nikalisoma mara kumi na zaidi. Basibasi kwa Kiitalia ni macis. Pale chini ya mkungumanga halikuja. Nikasema kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, naye akatabasamu kwa adabu akageuka kupiga picha minanasi.

Tangu hapo nimejaribu njia tatu za kadi za maneno, yaani kisanduku cha karatasi na programu mbili, Anki na Quizlet, na kila moja nimekaa nayo miezi, si siku mbili. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza, "Kaka, nianze na ipi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja, kwa sababu jibu la kijana mwenye simu ya Android anayelala Bububu si jibu la mwalimu wa skuli mwenye wanafunzi 50, wala si jibu la dada anayeanza kazi ya mapokezi hotelini Kiwengwa. Ila kabla ya kuzilinganisha, lazima tukubaliane kadi inafanya kazi gani ambayo daftari haliifanyi.

Daftari halikuulizi

Ukisoma daftari, neno na maana yake viko pamoja mbele ya macho. Jicho linapita, moyo unasema "hili nalijua", unageuza ukurasa. Kadi ina neno upande mmoja na maana upande wa pili. Inakuonesha upande mmoja tu, na unatakiwa ulitoe neno mwenyewe kabla ya kugeuza. Hili sisi tuliopita chuoni, yaani madrasa, hatuhitaji kuelezwa sana. Mwalimu hakukubali usome huku unatazama msahafu, ulisoma kwa ghibu mbele yake, na kabla ya kupewa somo jipya ulidurusu la jana na la wiki iliyopita. Anayehifadhi juzuu anajua kwamba ile ya kwanza asipoirudia huwa inamtoka wakati anahangaika na ya tano.

Watafiti nao walilipima jambo hili, na kwa lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Wanafunzi walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, mashua likiwa mojawapo. Wote walifika mahali pa kuyajua. Kilichotofautiana ni yaliyofuata baada ya neno kujulikana: wengine waliendelea kuulizwa, wengine wakaendelea kulisoma tu bila kuulizwa tena. Baada ya wiki moja walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Walioachwa wasome tu walikumbuka kama asilimia 36. Na walipotakiwa kukisia mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia takriban nusu. Yaani aliyekuwa anasahau hakujua kama anasahau. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka mkungumanga ule, na daftari langu lililojaa mistari.

Kwa hiyo chombo chochote cha kadi nakipima kwa maswali mawili kwanza: je, kinaniuliza kwa kweli au kinanionesha tu? Na nani anayeamua siku ya kuniuliza tena, mimi au chenyewe? Bei, bando na sauti vinakuja baadaye.

Kisanduku cha karatasi

Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari aliyeandika kwa Kijerumani, alieleza njia ya kisanduku chenye vyumba vitano, na njia hiyo bado ina jina lake. Kadi zote mpya zinaanzia chumba cha kwanza. Ukiijua, inasogea chumba kinachofuata, ukiikosa, hata kama ilishafika cha nne, inarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili tatu, cha tatu kila wiki, na vya mbele kwa nafasi ndefu zaidi. Boksi la viatu linatosha, na karatasi za manila ukizikata vipande nane nane unapata kadi za kutosha mwezi mzima.

Uzuri wake ni kwamba mkono unaandika, na neno nililoliandika kwa mkono wangu hunishika zaidi. Halafu nyumba nzima inashiriki. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa akinishikia kadi baada ya Isha, yeye hajui Kiitalia hata neno, lakini anaona nimesema kilichoandikwa au sikusema, na hanihurumii. Haihitaji umeme. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008 tulipokaa karibu mwezi gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua kwamba hilo si jambo dogo.

Kasoro yake kubwa ni kwamba karatasi haina sauti. Kwa Kiitalia hili linaumiza. Karafuu ni chiodi di garofano, yaani misumari ya garofano, na msomaji wa Kiswahili akiona chiodi atasema "chi" kama ya chakula. Wao husema "kiodi". Na wakiandika ci, hapo ndipo husema "chi". Nilihifadhi maneno ya kutosha kwa matamshi ya kinyume, na kuyang'oa baadaye kulinichukua muda mrefu kuliko kuyapanda. Kasoro nyingine ni wingi: kadi zikipita 300, kisanduku kinakuwa mzigo, na masika shambani karatasi inalowa na kuvimba hata wino unachuruzika.

Bado namshauri mtu yeyote aanze na karatasi kwa maneno yake 50 ya mwanzo, hasa asiyewahi kutumia kadi. Atajifunza kuandika kadi nzuri kabla simu haijamrahisishia kuandika mbaya.

Anki

Hapa ndipo nilipo sasa, na sifichi kwamba naipenda.

Anki ni neno la Kijapani lenye maana ya kuhifadhi kwa moyo. Damien Elmes aliitoa programu hii mwaka 2006, na hesabu yake ya kupanga siku ilichukuliwa kutoka kwa Mpoland Piotr Woźniak, aliyeanza kujipima kwa karatasi mwaka 1985 akiwa mwanafunzi, kisha akaandika programu ya kompyuta mwaka 1987. Katika hesabu yake ile, neno jipya linarudi baada ya siku 1, kisha siku 6, na kuanzia hapo nafasi inazidishwa kwa mbili na nusu hivi kila unapolikumbuka: siku 15, siku 37 au 38, kisha miezi mitatu. Ukilisahau linaanza upya. Anki ya leo ina hesabu mpya zaidi pia, iliyoingizwa mwishoni mwa 2023, ambapo unaitajia kiwango cha kukumbuka unachokitaka, kwa kawaida asilimia 90, nayo inajifunza kutokana na majibu yako mwenyewe. Ukitaka kuielewa hesabu hiyo, vizuri, usipotaka, haikuzuii kufanya kazi. Wewe unaoneshwa kadi, unasema jibu, unageuza, unabonyeza kimojawapo kati ya vitufe vinne: tena, ngumu, sawa, rahisi. Siku ya kurudia inaamuliwa na programu. Kwenye kisanduku changu cha viatu kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa najipendelea.

Kwa mtu wa Zanzibar ina mambo matatu yanayoipa uzito. Kwanza, kwenye Android ni bure kabisa kupitia AnkiDroid, inayotengenezwa na watu wanaojitolea, bila matangazo. Kwenye kompyuta pia ni bure. Kwenye iPhone tu ndiko inakouzwa, kama dola 25, unalipa mara moja, na kuna programu nyingine zenye jina linalofanana nayo ambazo si yenyewe, kwa hiyo mwenye iPhone aangalie vizuri kabla ya kulipa. Pili, inafanya kazi bila intaneti. Kadi ziko ndani ya simu. Mimi huzipitia kwenye daladala kutoka Bububu hadi Darajani, bando likiwa limekwisha. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, unaandika kadi kwa Kiswahili. Mafungu ya kadi yaliyotayarishwa na wengine, ya Kiitalia au Kijerumani, karibu yote yanapitia Kiingereza. Mtu anayejua kungumanga na basibasi tangu utotoni hana sababu ya kupita Kiingereza kwenda Italia.

Sauti nayo inaingia. Nikimpata mgeni mpole mwisho wa matembezi, namwomba anisomee maneno matano kwenye simu, nayabandika kwenye kadi. Nina fungu lenye sauti za watu waliotoka Napoli, Bergamo na Palermo, na kila mmoja ana lafudhi yake. Hakuna programu ya kulipia ingenipa hilo.

Sasa kasoro zake. Siku ya kwanza inatisha: sura yake ni kavu, mipangilio ni mingi, na mtu asiye na wa kumwonesha huiacha kabla ya kadi ya kumi. Kubwa zaidi ni deni. Anki inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na anayeanza anaona 20 ni chache. Baada ya wiki tatu zile za zamani zinarudi juu ya mpya, na ghafla una kadi mia na ushei kila asubuhi. Ramadhani moja niliiacha siku 20. Nilipofungua baada ya Idi nilikuta zaidi ya 400 zinanisubiri, nikafunga simu, nikakaa wiki nyingine bila kuigusa. Dawa niliyoiona inafaa ni kuweka mpya 5, wakati wa wageni wengi hata 3, na msimu wa masika kazi inapopoa nipandishe hadi 10. Watu wa Anki wana neno zuri pia kwa kadi inayosahauliwa mara kwa mara: huiita ruba, yule mnyonya damu. Ukiikosa mara 8 baada ya kuwa umeshaijua, programu inaitia alama ya ruba, na inaweza kuisimamisha yenyewe. Nikiona ruba sishindani nalo. Najua kadi ndiyo mbaya, naiandika upya.

Quizlet

Mwanzo wake unafanana na wa wengi wetu. Andrew Sutherland alikuwa mwanafunzi wa sekondari California, mwenye miaka 15, alipotengeneza kitu cha kumsaidia kuhifadhi majina ya wanyama kwa Kifaransa mwaka 2005, na mwaka 2007 akaifungulia dunia. Bado ina harufu ya darasani, na darasani ndiko inakong'ara. Mwalimu anatengeneza fungu moja, anatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, na wanafunzi wote wanalo. Inasoma neno kwa sauti, ina michezo ya kulinganisha na mashindano ya makundi, na mtoto wa Kidato cha Pili anaielewa kwa dakika tano bila kuelezwa.

Kwa anayesoma peke yake, kwa miaka, siipi nafasi ya kwanza. Toleo la bure lina matangazo, sehemu ya mazoezi bora imewekewa mipaka kwa asiyelipa, na kuitumia bila intaneti ni kwa wanaolipia. Hapo bando linaingia kwenye hesabu kila siku. Pia imejengwa kumwandaa mtu kwa mtihani wa Ijumaa. Mimi sina mtihani wa Ijumaa, nina mgeni ambaye sijui atakuja mwezi gani na atauliza nini. Kwa anayesoma Kifaransa chuo kikuu cha SUZA na ana jaribio wiki ijayo, hesabu inabadilika, na Quizlet inaweza kumfaa kuliko Anki.

Wengine huniuliza kuhusu Memrise, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010. Nimeitumia kidogo. Video zake za watu wa kawaida wanaosema neno mitaani ni nzuri mno kwa masikio. Lakini mimi nililazimika kupitia Kiingereza, na maneno wanayochagua ni ya msafiri anayekwenda Roma: tiketi, kituo cha treni, bili. Mimi ndiye mwenyeji, nahitaji maneno ya upande wa pili wa meza.

Kadi yenyewe

Nimeona mtu anahama kutoka programu hadi programu akidhani chombo ndicho kibovu, kumbe kadi zake ndizo zinazomwangusha. Mifano yangu miwili iliyoniadhibu.

Niliandika "tartaruga" mbele, "kobe" nyuma. Ikakaa vizuri hadi nilipompeleka mgeni Nungwi kuona kasa, naye akaendelea kuwaita tartaruga. Sisi tunatofautisha, kobe wa Changuu wanaotembea nchi kavu na kasa wa baharini, na hatuwachanganyi hata kwa bahati mbaya. Muitaliano ana neno moja, akitaka kufafanua anaongeza la baharini. Mjerumani vivyo hivyo na Schildkröte yake. Kadi hiyo sasa ina picha mbili, na upande wa Kiswahili umeandikwa "kobe na kasa pia".

Wa pili ni maji. Swali la kwanza la mgeni anayefika pwani ya mashariki asubuhi ni bahari imekwenda wapi. Nilikuwa na neno marea, yaani kujaa na kupwa kwa maji, peke yake, nikadhani linatosha. Halitoshi, kwa sababu mgeni anataka kujua maji yatajaa saa ngapi. Kadi nzuri ikawa sentensi: mbele, "maji yatajaa saa kumi jioni", nyuma, "l'alta marea è alle quattro del pomeriggio". Na hapo hapo nikajifunza kugeuza saa zetu, maana saa kumi yetu ni saa nne yao, na ukikosea hapo mgeni wako anakosa mtumbwi.

Kwa hiyo namhimiza anayeanza aandike kifungu, asiandike neno likiwa uchi. Kwa Kijerumani neno lisiingie bila kijineno chake cha mbele, der, die au das: der Zimt kwa mdalasini, die Nelke kwa karafuu. Kwa Kipolandi, ambacho sasa kinasikika sana hotelini, hata idadi inabadilisha neno: karafuu moja ni goździk, mbili ni goździki, tano ni goździków. Kadi ya neno moja haitakufundisha hilo. Na kwa sisi tunaosema na wageni, upande muhimu ni kutoka Kiswahili kwenda lugha yao. Kutambua neno ukilisikia ni kazi nyepesi, kulitoa mdomoni mgeni akiwa amekusimamia ndiyo nzito. Anki ina aina ya kadi inayojigeuza yenyewe pande zote mbili, nami huitumia, ila nikiwa na haraka upande wa Kiswahili ndio nisiouruka.

Kwa hiyo, nani achukue ipi

Mwenye Android anayetaka lugha kwa ajili ya kazi, na ana subira ya kusumbuka wiki ya kwanza, achukue Anki. Mwenye iPhone ajiulize kama atakaa na lugha hiyo mwaka mzima. Kama ndiyo, dola 25 zinalipika, na kama hana hakika, karatasi kwanza. Mwalimu wa skuli achukue Quizlet kwa darasa, na wanafunzi wake wawili watatu wanaotaka kwenda mbali awaoneshe Anki pembeni. Mzee anayeuza vitu Forodhani na anataka maneno 100 ya Kifaransa, simu asihangaike nayo, kisanduku na mjukuu wa kumshikia kadi vinamtosha. Dada wa mapokezi namshauri achanganye: kadi za karatasi nyuma ya meza kwa sentensi kumi za zamu ya leo, Anki nyumbani kwa zilizobaki.

Ukichagua Anki, jambo la kwanza kabla ya kadi ya kwanza ni kufungua akaunti yao ya bure ili kadi zako zihifadhike nje ya simu. Nilimjua mwenzangu aliyepoteza simu baharini Kendwa na maneno 700 ndani yake.

Fungu langu la viungo na bahari lina kadi 340 sasa, Kiswahili mbele, Kiitalia nyuma. Anayelitaka humtumia kwa Bluetooth pale barazani, bila bando. Ila humpa 30 tu za mwanzo, na basibasi imo. Nyingine huwa namwambia aniletee yeye, kila akitoka shambani na neno alilokwama nalo.